Nasaba ya Tela za Vita

Katika vyombo vyote vilivyobeba shehena za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hakuna kilichopewa hadhi ndogo kuliko tela, yaani kile kisanduku cha chuma chenye magurudumu mawili kilichokokotwa nyuma ya gari, kisichokuwa na injini, wala usukani, wala kiti cha dereva. Na kwa sababu hiyo hiyo hakuna chombo ambacho leo asili yake ni ngumu zaidi kuitambua. Gari lina injini yenye nambari yake na giaboksi yenye alama zake, na hata likibadilishwa nusu ya viungo vyake, nusu iliyobaki hutoa ushahidi. Tela haina mashahidi wengi namna hiyo. Ina fremu, bodi, ekseli, springi na pete ya mbele ya kukokotea, na vitu hivyo viliundwa kwa mfano mmoja na viwanda vingi, kisha vikahamishwa kutoka tela hii kwenda ile katika karakana za jeshi bila ya mtu kuona haja ya kuandika neno. Atakaye kujua tela ilitoka wapi, nani aliiunda, mwaka gani ilikabidhiwa jeshi, na ilifuatana na kikosi gani, hana budi kuzitafuta tarakimu chache zilizogongwa katika chuma na herufi chache zilizopakwa kwa rangi. Na zikipotea hizo, imepotea taarikhi yote ya kitu chenyewe.

Taarikhi ya tela iliyo mashuhuri kuliko zote haikuanza katika uwanja wa vita, bali katika mji mdogo wa Butler, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, palipokuwa na kampuni ya American Bantam, iliyokuwa ikiunda magari madogo ya raia na kuishi kwa taabu. Mwezi wa Julai 1940 jeshi la Marekani liliyapelekea makampuni 135 barua ya kutaka gari dogo jepesi la upelelezi, na likaweka sharti kwamba gari la kwanza liwe tayari katika muda wa siku 49, jambo ambalo makampuni makubwa yaliliona ni muhali. Bantam ilikubali. Mhandisi Karl Probst akaichora ramani ya gari hilo katika siku zinazohesabika kwa vidole, mafundi wakaliunda kwa mikono, na tarehe 23 Septemba 1940 likawasili katika kambi ya Holabird, jimbo la Maryland, nusu saa tu kabla ya muda wa ahadi kwisha. Hilo ndilo gari ambalo dunia ililijua baadaye kwa jina la Jeep. Walakini jeshi lilihofu kwamba kiwanda kidogo kama kile hakitaweza kutoa magari kwa maelfu, likaipeleka michoro ya Bantam kwa Willys-Overland na kwa Ford, na mwisho wa mambo hao wawili ndio waliopewa kazi. Bantam iliunda magari yasiyofika 3,000. Willys na Ford waliunda zaidi ya 600,000.

Kilichobaki kwa Bantam kilikuwa ni tela. Mimi naliona jambo hili kuwa ni dhuluma, hata ikiwa hesabu za vita ziliihalalisha, na ndiyo maana kibati chenye jina la kampuni hiyo, kilichopigwa ribiti katika bodi ya tela, hakinipiti machoni kama kipande cha bati tu. Ni hati ya watu waliobuni kitu kikuu kisha wakakabidhiwa kazi ya kuunda kisanduku cha kufuata nyuma yake, nao wakakiunda kwa uhodari. Tela hiyo, iliyoitwa T-3, ilikuwa ya robo tani: ilibeba ratili 500 katika njia mbovu, na yenyewe ilikuwa na uzito wa takriban ratili 550. Magurudumu na matairi yake yalikuwa yale yale ya Jeep, hata tairi la akiba la gari likaweza kuiponya tela likitoboka la tela. Bodi yake haikupitisha maji, kwa hiyo ikiwa na shehena yake na kufunikwa turubai iliweza kuelea na kuvushwa mto, na sakafuni ilikuwa na matundu yenye vizibo, ya kuyatoa maji ya mvua.

Willys naye aliunda tela za namna hiyo hiyo, akaziita MBT, na jicho lisilozoea halitazitofautisha hizi na zile za Bantam. Katika orodha za vipuri za jeshi zote mbili ziliingizwa chini ya alama moja, G-529, kama vile Jeep yenyewe ilivyokuwa G-503. Mambo yalitatanika zaidi katika tela kubwa ya tani moja, iliyopewa alama ya G-518. Hiyo watu wamezoea kuiita Ben-Hur, kwa jina la kiwanda kimoja cha Milwaukee, ilhali iliundwa na jamii ya viwanda ambavyo vingi vyake kabla ya vita vilikuwa vya kazi za raia: Checker wa Kalamazoo, waundaji wa teksi, Henney wa Freeport, waliokuwa mashuhuri kwa magari ya kubebea maiti na wagonjwa, na Century, waundaji wa mashua. Vita iliwakusanya wote hao, ikawapa mchoro mmoja, ikawataka waunde kitu kimoja. Na kila kiwanda kilipoanza kazi kilianza na mfululizo wake wa nambari, bila ya kujali jirani yake amefika wapi, hata ikawezekana nambari moja kuonekana katika tela mbili au tatu zilizotoka miji iliyoachana kwa mamia ya maili. Ndiyo sababu mtu akisema ana tela nambari fulani, asitaje jina la mwundaji, huwa bado hajasema kitu.

Nambari hiyo ya kiwanda, iitwayo nambari ya mfululizo, iligongwa katika kibati pamoja na jina la chombo, jina la mwundaji, uzito na mzigo wake, na mara nyingi tarehe ya kukabidhiwa jeshi. Vibati vilikuwa vyembamba, na ribiti zake ndogo. Tawi la mti, nyundo ya mtengenezaji au mkono wa mwizi ulitosha kuvibandua. Viko viwanda vilivyoigonga nambari katika fremu vilevile, mahali pa kuchaguliwa na kiwanda chenyewe, na nambari iliyozama katika chuma cha fremu hustahimili kutu na rangi kwa miaka mingi baada ya kibati kupotea.

Nambari ya pili ilikuwa ni ya jeshi, wala haikuhusiana na ile ya kwanza. Hii ilikuwa ni nambari ya usajili, iliyotolewa kwa mafungu kulingana na mikataba ya ununuzi, ikapakwa kwa rangi ubavuni mwa chombo, ikitanguliwa na herufi za U.S.A., na katika miaka ya mwanzo na herufi W vilevile, kwa kuwa chombo kilikuwa mali ya Wizara ya Vita. Tarakimu za mwanzo zilieleza jinsi ya chombo: Jeep zilianza na 20, vifaru na 30, magari yenye minyororo nyuma na magurudumu mbele na 40, magari ya wagonjwa na 7, pikipiki na 6, na tela zilianza na sifuri. Anayetazama picha ya msafara wa mwaka 1944 akaona nambari inayoanza na sifuri, anajua kwamba yamkini anatazama kitu kinachokokotwa, hata kama sehemu ya mbele imefichwa na vumbi. Na kwa kuwa nambari hii haikurudiwa kama ilivyorudiwa ile ya viwanda, ndiyo iliyo bora kwa mtafiti, ijapokuwa ndiyo iliyo nyepesi zaidi kufutika.

Hapa ipo ajabu moja iliyowasumbua watazamaji wa picha za zamani. Picha nyingi za mwanzo wa vita zinaonyesha vyombo vya Kimarekani vikiwa kana kwamba havina nambari kabisa. Nambari zilikuwapo, lakini zilipakwa kwa rangi ya samawati iliyofifia juu ya kijani cha zeituni, makusudi ili adui asizione kwa mbali, na filamu za siku zile zisizokuwa na rangi zilishindwa kuzitenganisha rangi hizo mbili. Baadaye jeshi liliiacha rangi ya samawati likatumia nyeupe, na tela iliyopakwa mara mbili huweza kuwa nazo zote, moja chini ya nyingine.

Alama ya tatu ilikuwa ile ya kikosi, iliyopakwa nyuma ya tela kwa sababu tela haina bampa ya mbele. Ilisomwa kutoka kushoto: kwanza jeshi au divisheni, kisha rejimenti au batalioni, kisha kombania, na mwisho nafasi ya chombo katika msafara wa kombania yake. Aliyeandika 1 kisha 16-I alikusudia rejimenti ya 16 ya askari wa miguu katika Divisheni ya Kwanza, waliotua katika ufuko wa Omaha tarehe 6 Juni 1944. Juu ya hayo ilikuwapo nyota nyeupe, iliyowekwa na kanuni ya jeshi ya Agosti 1942 kuwa alama ya taifa. Na kwa kuwa nyota ikitazamwa kwa mbali ilishabihiana na msalaba wa Wajerumani, katika kutua Sicily mwaka 1943, na tena Normandy, ikazungushiwa duara. Nyota aghlabu ndiyo inayopakwa upya na watu wa leo kabla ya kitu kingine chochote, nayo ndiyo inayoeleza machache kuliko zote, kwa sababu kila chombo kilikuwa nayo.

Waingereza walikuwa na utaratibu wao. Kila chombo kilipewa herufi moja na nambari: T kwa vifaru, L kwa malori, M kwa magari madogo, C kwa pikipiki, A kwa magari ya wagonjwa, na X kwa tela. Tela za Uingereza ziliundwa na watu kama Brockhouse wa West Bromwich, na SS Cars wa Coventry, ambao katika miaka ya vita waliunda vigari vya pembeni vya pikipiki pamoja na tela, na mwaka 1945 wakabadili jina wakawa Jaguar. Katika vifaa vyao uligongwa mshale mpana wenye ncha tatu, alama ya mali ya serikali tangu zamani, na nchi za himaya ziliutia mshale huo herufi zao: Kanada waliuzungusha kwa herufi C, Australia wakauweka kati ya D mbili, na Muungano wa Afrika Kusini wakauingiza ndani ya U. Mwaka 1949 jeshi la Uingereza liliifuta ile sijili ya herufi moja, likaleta nambari mpya zenye tarakimu mbili, herufi mbili, na tarakimu mbili tena, na vyombo vilivyookoka vita vikapewa nambari za pili juu ya zile za kwanza.

Katika sijili hiyo ya Uingereza wamo watu wetu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na batalioni za King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, pamoja na askari wa Northern Rhodesia, ilitambulikana kwa kichwa cha kifaru, mnyama wa mwituni, kilichoshonwa mabegani mwa askari na kupakwa katika vyombo vyao. Mwaka 1944, katika masika ya Burma, divisheni hiyo ilishuka bonde la Kabaw katika matope yaliyoweza kummeza nyumbu, na mwezi wa Disemba ikaiteka Kalewa na kuuvuka mto Chindwin. Alama ya kichwa cha kifaru katika ubao wa nyuma wa chombo, pamoja na mraba wa rangi wenye nambari ya kikosi, ingemweleza mtafiti kwamba kitu hicho kilisukumwa katika matope na mikono ya vijana wa kwetu, ambao majina yao ni machache mno katika vitabu. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba rangi ya zamani ni uchafu wa kuondolewa.

Wala si rangi tu yenye thamani: nambari zilizogongwa kwa ajili ya vipuri na hesabu zilitoa siri ambazo waliozigonga hawakukusudia kuzitoa. Wajerumani waliitambua hatari ya majina, wakayaondoa majina ya viwanda katika zana zao na kuweka mahali pake herufi za siri; walakini mfululizo wa nambari waliuacha. Mapema mwaka 1943, katika ofisi ya vita vya kiuchumi ya ubalozi wa Marekani mjini London, wataalamu wa hesabu walianza kukusanya nambari kutoka matairi, malori, mizinga na vifaru vilivyotekwa. Kaida waliyoitegemea, ikielezwa kwa ufupi, ni hii: huchukuliwa nambari kubwa kuliko zote zilizoonekana, ikagawanywa kwa idadi ya vitu vilivyoonekana, jawabu likaongezwa juu ya ile nambari kubwa, kisha ikapunguzwa moja. Vikiokotwa vitu vitano, na nambari kubwa kati yake ni 100, basi makisio ya vyote vilivyoundwa ni 119. Wapelelezi, kwa njia zao za kawaida, walikuwa wamekadiria kwamba Ujerumani iliunda vifaru 1,000 katika mwezi wa Juni 1940. Hesabu ya nambari ilisema 169. Na daftari za Wajerumani wenyewe, zilipofunguliwa baada ya vita, zilionyesha 122. Kwa Agosti 1942 wapelelezi walisema 1,550, nambari zikasema 327, na hakika ilikuwa 342. Richard Ruggles na Henry Brodie waliyachapisha haya mwaka 1947, na sijui hoja nyingine iliyo na nguvu kuliko hiyo ya kumwonyesha mtu kwamba kibati kidogo kina thamani.

Watafiti wa tela za zamani hutumia akili iyo hiyo leo. Hukusanya nambari za mfululizo za tela zilizosalia, kila moja na tarehe yake ya kukabidhiwa, wakazipanga, na kwa zile zilizopotelewa na tarehe wakakisia mwezi kwa kuangalia majirani zake katika mfululizo. Kazi hiyo hutegemea uaminifu wa kila nambari inayoingia, kwani nambari moja ya uongo huharibu makisio ya zilizo mbele na nyuma yake.

Kuisoma nambari iliyofunikwa ni kazi ya subira. Baada ya vita vyombo vilitawanywa na kupakwa upya kila vilipokwenda, katika majeshi mengine, katika mashamba na katika miradi ya serikali. Huku kwetu, mpango wa karanga wa Kongwa ulioanza mwaka 1947 uliletewa matrekta chakavu ya jeshi kutoka Ufilipino, na vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Ili kuifikia nambari iliyo chini ya rangi zote hizo, fundi anayeijua kazi hatumii moto wala brashi ya waya ya mashine. Hutwaa msasa laini, akaulowesha maji, akasugua mahali panapodhaniwa pana nambari kwa mviringo, polepole, na kila baada ya muda akafuta na kutazama. Rangi ya shamba hutoka kwanza, nyekundu au kijivu. Chini yake kijani kinachong'aa cha miaka ya amani. Kisha kijani cha zeituni kisichong'aa. Na mwisho ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Kati ya tabaka hizo ndipo huzuka ukingo wa tarakimu, labda tumbo la 6 au mguu wa 7, na hapo mkono hauna budi kusimama na picha kupigwa kabla ya kuendelea, kwa sababu msasa unaoifichua nambari ndio huo huo utakaoila. Kwa nambari iliyogongwa katika fremu husuguliwa chaki, vumbi lake likatuama katika mashimo ya tarakimu, na tochi ikalazwa ubavuni ili kivuli kiingie ndani ya kila mkato.

Sasa zinauzwa vibati vipya, vimechapwa kwa ustadi kwa mfano wa vile vya asili, navyo vina nafasi tupu ya nambari. Kuipa tela yako kibati kipya si kosa. Kosa ni kugonga humo nambari ya kubuni, au nambari iliyotolewa katika tela nyingine, ili bei ipande. Nambari ya asili ikiwa imepotea, nafasi yake na iachwe tupu, au igongwe alama inayoonyesha wazi kwamba kibati ni cha leo.

Liko pia kosa linalofanywa bila ya nia mbaya, nalo limeenea zaidi katika tela za baada ya vita: M100 ya miaka ya hamsini, na M416 iliyofuatana na magari ya M151 katika miaka ya sitini. Vibati vya zama hizo vina nambari ndefu ya bohari, ambayo ilikuwa na tarakimu 11, na tangu 1974 ikawa na 13 baada ya kuongezwa mbili za kuonyesha nchi, kama 00 au 01 kwa Marekani na 99 kwa Uingereza. Nambari hiyo haitaji chombo kimoja. Hutaja aina nzima, nayo ni ile ile katika kila tela ya mfano mmoja. Aandikaye hiyo katika daftari akidhani amesajili tela yake, amesajili maelfu. Nambari yake mwenyewe ni ile fupi iliyogongwa pembeni, ambayo mara nyingi rangi imeijaza.